Jando na Balehe: Mila ya Wayao katika Mizani ya Sharia

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mlezi wa viumbe vyote, aliyemkuza mwanadamu hatua baada ya hatua na kila hatua akaiwekea hukumu yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na Aali zake na Masahaba wake wote. Amma baad.

Katika makala hii tumekusudia kuitazama mila moja maarufu ya watu wa kusini, nayo ni jando la Wayao, tuone lilikuwa nini kabla ya Uislamu, Uislamu uliingiaje kupitia mlango wake, na Sharia inasema nini juu ya yaliyobaki. Hatukulichagua jambo hili kwa sababu ya udadisi wa mambo ya kale tu. Maimamu wengi wa huko wanayajua maswali mawili yasiyokwisha. La kwanza ni la mtu mzima anayetaka kusilimu, akaambiwa na jirani zake angoje kwanza atahiriwe ndipo apokewe. La pili ni la mzazi ambaye mwanawe ametoka kumbini na umri wake ni miaka minane, jamaa wote wanamwita mtu mzima, naye anauliza: Je, saumu imekwishamlazimu? Maswali yote mawili yana shina moja, na shina lenyewe limo katika historia.

Lupanda kabla ya Uislamu

Wayao asili yao ni nchi iliyo kati ya mto Ruvuma na mto Lujenda, katika jimbo la Niassa la Msumbiji ya leo. Kutoka huko walienea mpaka kusini mwa Malawi, pande za Mangochi, Machinga na Zomba, na mpaka kusini mwa Tanzania, pande za Tunduru na Masasi. Nasaba yao huhesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya watoto wa dada yake.

Mvulana wa Kiyao alikuwa haingii katika hesabu ya wanaume mpaka apitie unyago uliojulikana kwa jina la lupanda. Jina hilo lina udugu na neno letu la Kiswahili panda, yaani tawi lililogawanyika, kwa sababu mti wa namna hiyo ulisimamishwa uwanjani kuwa alama ya shughuli yenyewe. Wari walitolewa majumbani, wakakaa porini katika kambi, wakafunzwa siri, nyimbo, heshima kwa wakubwa na mambo ya unyumba, kisha wakarudi kijijini kwa shangwe wakiwa na majina mapya. Jina la utoto lilizikwa huko huko, na kumwita mtu kwa jina hilo ilikuwa ni matusi. Wasichana nao walikuwa na unyago wao chini ya mikono ya makungwi, na mara nyingi walipelekwa hata kabla ya kuvunja ungo.

Mambo mawili katika lupanda yanahitaji kuangaliwa kwa makini. Kwanza, shughuli hii ilifungamana na mizimu. Unga ulimwagwa chini ya mti kwa kuwakumbuka wazee waliokufa na kuwaomba ulinzi juu ya wari. Pili, haikuwa kila mtu anaruhusiwa kuichezesha. Hiyo ilikuwa haki ya mfalme wa nchi au mkuu wa kijiji aliyepewa idhini yake. Mwenye lupanda ndiye mwenye watu. Ukilijua hili, utafahamu kwa nini Uislamu ulipofika kwa Wayao haukuanzia pembezoni bali ulianzia barazani kwa wakubwa.

Uislamu unaingia kwa mlango wa jando

Wayao walikuwa wasafiri na wafanyabiashara. Kwa muda mrefu misafara yao ilishuka pwani, hasa Kilwa, wakipeleka pembe za ndovu na, ni lazima tuseme ukweli, wakipeleka watumwa pia. Wakarudi na nguo, bunduki, chumvi na habari za watu wa pwani. Livingstone alipofika Mwembe kwa mfalme Mataka mwaka 1866 alikuta mji mkubwa wenye nyumba za pembe nne kwa mtindo wa pwani, na mfalme mwenyewe amevaa mavazi ya Kiarabu. Kasisi wa Kianglikana Yohanna Abdallah, ambaye alikuwa Myao na aliandika historia ya kabila lake kwa Kiyao mwaka 1919, naye ameeleza jinsi wakubwa wa Kiyao walivyopenda kuziiga desturi za pwani.

Takriban mwaka 1870 mfalme Makanjila, ambaye nchi yake ilikuwa upande wa kusini mashariki wa Ziwa Nyasa, aliukubali Uislamu hadharani. Wakubwa wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine, na walimu kutoka pwani wakakaribishwa kusoma na kuandika barua barazani na kufundisha watoto Qur'ani. Katika miongo iliyofuata, wakati tawala za wakoloni zilipoingia, Uislamu haukurudi nyuma katika nchi ya Wayao, bali ulishuka kutoka kwa wakubwa ukaenea kwa watu wa kawaida, na walimu wa tarika wakawa na sehemu kubwa katika kazi hiyo.

Sasa tazama lililotokea katika lupanda. Watu wa pwani walikuwa na jando lao. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903, ameeleza habari za kumbi na ngariba wa mrima. Tohara ya pwani ilikuwa khitani kamili kama inavyotakiwa na Sharia, ilhali ukataji wa lupanda haukuwa kamili. Kwa hiyo wakubwa waliosilimu waliigeuza shughuli yao ifuate namna ya pwani, wakaiita jando. Mahali pengi unga wa mizimu ukaondoka au ukafunikwa, pakaingia dua na maulidi. Jina jipya alilopewa mwari likawa Yusufu, Saidi, Amina. Mwanahistoria Edward Alpers, alipoandika mwaka 1972 juu ya kuenea kwa Uislamu katika makabila ya kusini yenye kufuata upande wa mama, aliuona unyago kuwa ni moja ya madaraja yaliyouvusha Uislamu kuingia bara.

Daraja hilo lilikuwa na kheri nyingi. Maelfu ya watu walilijua jina la Mwenyezi Mungu na la Mtume Wake (S.A.W.) kupitia jando. Lakini kila daraja lina hatari ya kudhaniwa kuwa ndiyo nyumba. Mtoto aliingia kumbini hana dini inayojulikana, akatoka ana jina la Kiislamu, ametahiriwa, hali nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu, na watu wakasema ameingia dini. Polepole jando likashika nafasi ya shahada, na likashika nafasi ya balehe vilevile. Hapo ndipo maswali yetu mawili yalipozaliwa.

Tusidhani kuwa Waislamu peke yao ndio waliokutana na mila hii. Huko Masasi wamisionari wa Kianglikana, wakiongozwa na Vincent Lucas aliyekuwa askofu wa huko tangu 1926 hadi 1944, walitunga jando la Kikristo, wakayaondoa waliyoyaona hayafai na kuweka sala na baraka za kanisa. Walijua kwamba mwenye kushika jando ndiye mwenye kushika kizazi kijacho. Kama wageni wa nchi walilifahamu hilo, basi sisi tuna haki zaidi ya kulifahamu.

Khitani katika fikihi

Khitani ni katika mambo ya fitra, kama ilivyothibiti katika hadithi sahihi, na ni mila ya Nabii Ibrahim (A.S.), ambaye imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba alijitahiri akiwa na umri wa miaka thamanini. Katika madhehebu ya Imam Shafi (R.A.) ni wajibu kwa mwanamume, ama Imam Abu Hanifa na Imam Malik (R.A.) wao wameiweka katika daraja la sunna iliyotiliwa mkazo. Wajibu huo kwa Shafi unamfika mtu baada ya kubalehe. Kabla ya hapo ni jambo lililopendekezwa kwa walii wake, na bora ni siku ya saba kama mtoto ana nguvu. Ama kuhusu wasichana, unyago wa Wayao hauna ukataji, kwa hiyo mjadala wa wanazuoni katika mlango huo hautuhusu hapa.

Kuchelewesha tohara mpaka karibu na balehe si jambo geni lililozuliwa na watu wa bara. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipofariki yeye alikuwa amekwishatahiriwa, na kwamba wao walikuwa hawamtahiri mtu mpaka akaribie kukomaa. Kwa hiyo umri wa jando, peke yake, si kosa la kulaumiwa.

Ama aliyesilimu ukubwani, Uislamu wake unathibiti kwa shahada mbili. Haungoji kisu wala msimu wa jando. Imepokewa kutoka kwa Hasan al-Basri kwamba Warumi na Wahabeshi walisilimu zama za Mtume (S.A.W.) na hawakukaguliwa. Sala yake inasihi maadamu anajitoharisha, ikiwa ni pamoja na kuosha chini ya govi. Atatahiriwa atakapoweza, na akiwa ni mtu anayehofiwa kudhurika kwa uzee au maradhi, Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza kwamba haijuzu kumtahiri mpaka idhaniwe kuwa atasalimika. Basi mwenye kumwambia mtu anayetaka kusilimu angoje mpaka atahiriwe amemweka mahali pa hatari kubwa. Je, akifa kabla ya siku hiyo, ni nani atakayebeba dhima yake?

Balehe na rushdi

Neno balehe kwa Kiarabu linatokana na kufika. Mtoto ni msafiri, na balehe ni kufika kwake. Sharia haikuweka ngoma wala kambi kuwa ndiyo alama ya kufika huko. Imeweka alama zilizomo katika mwili na katika hesabu ya miaka. Kwa madhehebu ya Shafi alama hizo ni kutokwa na manii, na kwa msichana ni hedhi pia, nazo haziwezekani kabla ya takriban miaka tisa ya mwezi. Zisipoonekana, basi ni kutimiza miaka 15 ya mwezi, ambayo kwa kalenda ya jua ni kama miaka 14 na nusu hivi.

Asili ya mpaka huo wa miaka 15 ni kisa cha Abdullah bin Umar (R.A.). Alijitokeza siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, akiwa na miaka 14, Mtume (S.A.W.) hakumruhusu kupigana. Akajitokeza siku ya Khandaq akiwa na miaka 15, akaruhusiwa. Nafi' alipomsimulia khalifa Umar bin Abdulaziz habari hii, khalifa akasema huo ndio mpaka kati ya mdogo na mkubwa, akawaandikia magavana wake wauzingatie.

Juu ya balehe kuna daraja la pili, nalo ni rushdi. Katika sura An-Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu (S.W.) ameamrisha mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa kuoa, kisha wakionekana wana uongofu wa akili wakabidhiwe mali zao. Angalia, ndugu msomaji, jinsi mambo mawili yalivyotenganishwa. Mwili unaweza kufika na akili ikawa bado njiani. Sala na saumu humlazimu aliyebalehe, lakini mali hapewi mpaka ajulikane kuwa anaweza kuitunza. Na kabla ya yote hayo kuna maandalizi ya muda mrefu: mtoto aamrishwe sala akiwa na miaka saba, akazaniwe akiwa na kumi, vitanda vitenganishwe, na akibalehe abishe hodi kwa wazazi wake nyakati zote, kama ilivyo katika sura An-Nur, aya ya 58 na 59.

Kwa hiyo yule mtoto wa miaka minane aliyetoka jandoni, katika Sharia bado ni mtoto. Saumu haijamlazimu, ila atazoezwa. Vilevile msichana wa miaka tisa au kumi aliyetoka unyagoni bila alama yoyote, hata kama kijiji kizima kimemtunza na kumpigia vigelegele, hakuwa mtu mzima kwa vigelegele hivyo. Na kinyume chake ni kweli pia: kijana wa miaka 15 ambaye hajaenda jandoni kwa sababu baba yake hana pesa ya sherehe, huyo ni mukallaf. Sala yake inaandikwa na kuiacha kwake kunaandikwa. Wangapi wamepitwa na miaka ya sala wakidhani bado ni watoto kwa kuwa ngoma yao haijalia?

Kipimo cha akika

Baada ya kusema haya, wako watakaosema: basi jando lote lifutwe. Na wako watakaosema: hii ni mila ya wazee, iachwe kama ilivyo. Tunaona kuwa Sunna imetuonyesha njia iliyo bora kuliko zote mbili.

Zama za Jahiliya, Waarabu walipozaliwa mtoto walichinja mbuzi na kukipaka kichwa cha mtoto damu yake. Ulipokuja Uislamu, kama alivyosimulia Buraida (R.A.) katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, waliendelea kuchinja na kumnyoa mtoto, lakini badala ya damu wakampaka zafarani. Kuchinja kulibaki, furaha ilibaki, kulisha watu kulibaki. Kilichotolewa ni najisi na itikadi iliyokuwa nyuma yake. Huu ndio msingi wa wanazuoni waliposema kwamba ada hutegemewa katika hukumu, kwa sharti isigongane na nassi.

Wazee wa Kiyao waliposilimu walifanya kazi hiyo hiyo, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Waliondoa mti wa mizimu, wakaweka dua. Lakini hawakuimaliza kazi, na sisi tuliokuja nyuma yao tumekaa juu ya nusu iliyobaki. Damu iliyosalia kichwani ni hii ifuatayo.

La kwanza ni mabaki ya shirki: hirizi za kumlinda ngariba, mkia wenye dawa, unga wa siri, na kuitwa kwa jina la sadaka chakula ambacho nia yake ni kuwaridhisha waliokufa. Jina la Kiislamu haligeuzi nia.

La pili ni uchafu wa maneno na matendo. Nyimbo za kutaja tupu mbele ya watoto haziruhusiwi kwa hoja ya kufundisha. Baya zaidi, katika baadhi ya sehemu za kusini mwa Malawi imeandikwa kuwa wari wanaotoka huambiwa wafanye tendo la ndoa ili wafute vumbi la kumbi. Hii ni zina iliyo wazi, na ni maangamizi kwa watoto ambao baadhi yao hawajabalehe. Imamu wa mahali palipo na jambo hili hana udhuru wa kunyamaza kwa kuogopa wenye ngoma.

La tatu ni hilo tulilokwishalieleza, yaani kulifanya jando kuwa ndiyo shahada na ndiyo balehe.

Kisu kimeondoka, mafunzo yako wapi?

Iko hatari nyingine ambayo wengi hawaioni. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya wanaume iwe moja ya njia za kupunguza maambukizi ya Ukimwi, na tohara ya hospitali ikashika kasi katika nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Hata watu ambao kwa mila zao hawatahiri wakaanza kutahiriwa. Kisharia hakuna ubaya wowote mtoto kutahiriwa na daktari kwa ganzi na kisu kisafi, bali kulinda nafsi ni katika makusudio ya Sharia. Wazazi wanaofanya hivyo wamefanya vizuri.

Lakini jando halikuwa kisu peke yake. Kisu kilikuwa kazi ya dakika chache, na zilizobaki zilikuwa wiki nyingi za mafunzo. Mtoto wa leo huingia hospitali asubuhi na kurudi nyumbani mchana. Hakuna mtu mzima aliyekaa naye kumweleza mwili wake unakwenda wapi na Mola wake atamtaka nini. Baba anaona haya, mjomba yuko mbali, mwalimu wa madrasa ameishia kwenye herufi na sura fupi. Basi mafunzo yanachukuliwa na simu na vijana wa mitaani. Tumeikimbia kambi yenye makosa, tukawaacha watoto bila kambi yoyote.

Ushauri wetu kwa maimamu, walimu na walimu wa kike ni kwamba nusu iliyobaki ya kazi ya wazee ikamilishwe sasa. Kila msikiti uwe na darsa la balehe wakati wa likizo za shule, wavulana peke yao na wasichana peke yao. Mvulana afundishwe tofauti ya manii, madhii na wadii, namna ya kukoga janaba, yale yanayomlazimu tangu siku hiyo, kuinamisha macho, kubisha hodi, na uaminifu katika mali ndogo anayopewa kwa kujaribiwa, ili rushdi yake ionekane. Msichana afundishwe na mwanamke mwenye elimu hukumu za hedhi na istihadha, kwamba sala zilizompita katika hedhi halipi na saumu hulipa, sitara yake, na haki yake ya kuulizwa katika ndoa yake. Makungwi wenye heshima wasifukuzwe, bali waitwe wafundishwe, kwa sababu wanajua kuzungumza na watoto wa kike kwa upole kuliko wengi wetu. Na siku ya mwisho hakuna kizuizi watoto wakasomewa dua, wakapewa zawadi ya msahafu, na watu wakala wali.

Wazee waliofunga safari kutoka Mwembe na Makanjila kwenda pwani walirudi na Uislamu, wakautia katika kitu walichokipenda kuliko vyote, nacho ni malezi ya watoto wao. Waliweka dua mahali palipokuwa na mizimu. Sisi tuna vitabu, tuna misikiti na tuna madaktari. Hatutakuwa na la kusema siku tutakayoulizwa juu ya raia tuliowachunga, kama watoto wetu watapewa kila kitu cha utu uzima isipokuwa elimu yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awarehemu waliotutangulia, atukamilishie walichokianza, na awafanye watoto wetu wafike balehe hali ya kuwa wanamjua Mola wao. Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.